Mas-ala ya Aliyeacha Dawa Alipoona Nafuu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa zake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Huulizwa hivi: Mtu wa Kizwite, katika mji wa Sumbawanga juu ya uwanda wa Ufipa, ameshikwa na kifua kikuu. Akapimwa makohozi, akapewa dawa bila ya malipo, akaambiwa azimeze miezi sita. Ilipopita miezi miwili kikohozi kikakoma, homa ya usiku ikaondoka, mwili ukarudi. Akaona hana haja tena, akaacha. Je, huyu ana dhambi, au ameacha jambo lililo hiari yake?

Mwenye kumtetea ana hoja, wala si hoja dhaifu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii kujitibu ni sunna, si faradhi, na Imamu Nawawi amesema kuwa anayeacha kwa kumtegemea Mungu ana fadhila. Imepokewa pia habari ya yule mwanamke mwenye kifafa aliyehiarishwa na Mtume baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, akachagua kusubiri. Tena kwetu Mashafii, aliyeanza funga ya sunna yafaa kuifungua kabla ya magharibi. Basi ikiwa mtu aweza kuiacha dawa yote, vipi azuiwe kuacha nusu yake?

Jawabu haipatikani illa kwa kuyajua kwanza maradhi yenyewe, kwani hukumu hufuata hali ya kitu kilivyo. Kifua kikuu ni wadudu wasioonekana kwa macho. Mgonjwa akikohoa hutoka pamoja na vitone vidogo vya mate, wakaelea hewani. Na nyumba za Ufipa, kwa baridi ya uwanda ule, hufungwa madirisha usiku, watu wakapumua pumzi moja. Wakiingia mapafuni, chembe za damu zilizo walinzi wa mwili huwameza. Walakini mdudu huyu ana hila, huishi ndani ya tumbo la aliyemmeza. Hapo huja walinzi wengine wakamzunguka kama ukuta. Katika watu mia walioingiwa naye, tisini au zaidi hukaa hivyo umri wao wote wala hawaugui. Ukuta ukidhoofika, kwa njaa au uzee au kisukari au Ukimwi, adui hutoka.

Wadudu hawa hukua polepole, na baadhi yao hulala, na aliyelala haifi upesi roho yake kwa dawa. Hiyo ndiyo sababu ya miezi sita. Aidha katika kila milioni yao huzaliwa mmoja hivi asiyedhurika na dawa ya isoniazidi, na ndani ya pafu lililooza wamo mamilioni kwa mamilioni. Waingereza waliijaribu streptomaisini peke yake, wakatangaza habari zake mwaka 1948: wagonjwa walipata nafuu, kisha kwa wengi wao dawa ikawa haifanyi kazi tena, maana wadudu dhaifu walikufa wakawaachia uwanja wenye nguvu. Ndipo leo hutolewa dawa nne pamoja miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, ili aliyeokoka na hii auawe na ile. Anayeacha njiani, na zaidi anayemeza leo akaacha kesho, huenda akawafuga wale wenye nguvu, akawapumulia mkewe na wanawe. Kifua kikuu cha namna hiyo kilianza kutibiwa nchini katika hospitali ya Kibong'oto mwaka 2009, na tiba ya siku zile ilikuwa ya karibu miaka miwili, na sindano ambazo wengine ziliwaondolea usikivu wa masikio.

Mwenye kudhani haya ni maneno ya matabibu tu, na atazame malaria. Katika miaka ya 1950, huko Mkuzi karibu na Muheza, watu waligawiwa dawa ya pirimethamini, na baada ya miezi michache tu vimelea wakaizoea. Klorokwini nayo ikazoewa hata Tanzania ikaiweka kando mwaka 2001. Majirani wa Malawi waliiacha mwaka 1993, na mwaka 2006 ikatangazwa kuwa, ilipojaribiwa tena kwao, iliwaponya karibu watoto wote waliopewa. Dawa basi ni kama kisima cha mtaa. Hukaushwa na mmoja mmoja, kila mtu akisema ndoo yangu ni ndogo.

Turudi kwa mtetezi. Kifafa cha yule mwanamke hakimwambukizi mtu, na subira yake ilikuwa juu ya mwili wake. Huyu wa Kizwite subira yake iko juu ya mapafu ya wengine, na Mtume amekataza kudhuru. Ama kiasi cha funga, hakisimami. Kilicho karibu zaidi ni mtu aliyeingia katika safu ya vita, ambaye kabla ya kuingia huenda alikuwa na udhuru, lakini akiisha kuingia haifai ageuze mgongo, kwani huwavunja wenziwe na kumpa adui nguvu. Hata asiyeanza dawa kabisa hana ruhusa ya kuambukiza watu. Ila huyu aliyeacha njiani huenda akaambukiza maradhi mazito zaidi.

Wala isidhaniwe kuwa kuzidisha ni kheri. Kumeza vidonge vya rangi mbili kwa mafua, ambayo dawa hizo haziyagusi, ni israfu na ni kuwafundisha wadudu vita. Muuza duka anayekata vidonge vinne kwa kuwa mnunuzi ana fedha ya vinne ana sehemu yake. Na masalio ya dawa hayapewi jirani kuwa sadaka; hurudishwa zahanati.

Aliyeshindwa kwa udhuru ni mbali na aliyepuuza. Mvuvi ateremkaye Ziwa Rukwa miezi mitatu na awaambie wauguzi kabla ya kusafiri, apewe barua ya kuchukulia dawa huko aendako. Na ambaye dawa inamgeuza macho kuwa manjano na arejee kwa tabibu siku ile ile. Mwenye nyumba anayeona mgonjwa wake ameanza kuficha vidonge chini ya mkeka yampasa amwambie, hata akiwa ni babaye. Wallahu aalam.