Ali, Marciano na Haki ya Kupigana

Tarehe 20 Januari 1970, watu walilipa kiingilio katika kumbi nyingi za sinema Marekani na Kanada ili watazame pambano la ngumi ambalo halikuwahi kupiganwa. Ulingoni walikuwamo Muhammad Ali na Rocky Marciano, mabingwa wawili wa uzito wa juu ambao hadi hapo hakuna aliyekuwa amepoteza pambano la kulipwa. Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mara 49, mara 43 kwa KO. Ali alikuwa ameshinda 29. Mwaka 1969 waliingia studio huko Miami, wakarushiana makonde ya kuigiza katika raundi fupi za dakika moja moja, ikarekodiwa miisho ya aina mbalimbali, kisha kompyuta ikaachiwa kuamua mwisho upi uonyeshwe. Marekani ilionyeshwa Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13. Mwenyewe hakuuona ushindi huo. Alikuwa amekufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46.

Hakuna mpenzi wa ndondi asiyewahi kuandaa pambano la namna hii kichwani mwake. Ali wa mwaka 1966 na Mike Tyson wa mwaka 1988. Joe Louis na Larry Holmes. Vijiwe vyetu vimekesha hadi usiku wa manane kwa mabishano hayo, na mimi nayapenda kwa dhati. Anayebisha kwa haki hulazimika kuwajua wote wawili, pamoja na yule asiyempenda. Kabla hujatamka kwamba fulani atapigwa, eleza kwanza ni kwa njia gani angeweza kushinda. Ukishindwa kueleza, bado hujamwona. Hiyo ni heshima ambayo mara nyingi tunawanyima hata jirani zetu, na inapendeza kuikuta kwa watu wanaobishania ngumi.

Lakini hesabu iliyoamua pambano lile la Miami ilikuwa na mizizi yake. Mtayarishaji wa vipindi vya redio aitwaye Murray Woroner alianza mwaka 1967 kwa kuendesha mashindano ya kubuni ya mabingwa wa uzito wa juu wa zama zote. Waandishi na wajuzi wa ndondi waliulizwa kuhusu kila bondia, ubora wake na udhaifu wake, na majibu yao yakageuzwa namba. Kwa hiyo kilichotoka kwenye mashine kilikuwa maoni ya watu wale wale, na upendeleo wao ukiwa umo ndani. Katika mashindano hayo Ali alitolewa na Jim Jeffries. Akaenda mahakamani kudai dola milioni moja, na kushiriki kwake katika ile filamu kulitokana na mapatano ya kesi hiyo.

Jeffries ndiye wa kutazamwa hapa. Alipokuwa bingwa alikataa kuuweka ubingwa wake mbele ya bondia yeyote mweusi, kisha akastaafu mwaka 1905 bila kupigwa. Jack Johnson, bondia mweusi, alilazimika kumfuata bingwa Tommy Burns hadi Sydney, Disemba 1908, ndipo akapata nafasi ya kuutwaa. Baada ya hapo watu weupe walijifariji kwa pambano la kubuni: Jeffries angekuwepo, Johnson asingefua dafu. Hatimaye Jeffries alirudishwa ulingoni Reno, tarehe 4 Julai 1910, na Johnson akammaliza raundi ya 15. Miji kadhaa ya Marekani ikaingia katika ghasia, na watu wakauawa, wengi wao weusi. Na bado, miaka 57 baadaye, mashine ikamrudishia Jeffries ushindi, safari hii juu ya bingwa mwingine mweusi. Filamu ilipotoka na kuonyesha Ali ameshindwa tena, alisema kompyuta ile lazima ilitengenezwa Alabama. Aliyeijua Alabama ya miaka hiyo, jimbo lililojaa ubaguzi dhidi ya weusi, hakuhitaji kufafanuliwa.

Tangu niijue habari hii nimeacha kuyaweka mapambano ya kubuni katika kapu moja. Ali na Tyson walitenganishwa na wakati. Tyson alizaliwa mwaka 1966, Ali akiwa tayari bingwa. Hapo hakuna wa kulaumiwa, na tubishane tutakavyo. Jack Dempsey na Harry Wills waliishi zama moja, na Wills, bondia mweusi, aliidai nafasi ya ubingwa kwa miaka. Mikataba ilisainiwa, pambano halikufanyika. Johnson naye, aliyeonja uchungu wa kunyimwa, alipokuwa bingwa hakumpa Sam Langford nafasi ya kuugombea ubingwa. Mtu akiniuliza nani angeshinda kati ya Dempsey na Wills, najibu kwanza kwamba swali hilo lilikuwa na jibu lake, na watu walilizuia lisipatikane.

Vivyo hivyo kwa Ali mwenyewe. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Akavuliwa ubingwa na kunyimwa leseni, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, akawa nje kwa rufaa huku haruhusiwi kusafiri nje ya nchi. Alikuwa na miaka 25. Alirudi ulingoni Oktoba 1970 akiwa na 28, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuitengua hukumu mwaka 1971. Miguu ambayo haikuwahi kuonekana kwa bondia mwenye uzito ule ilikaa bila kazi miaka mitatu na nusu, na ulingo aliofunguliwa ulikuwa wa studio. Naitazama filamu ile kwa uchungu. Marciano amepunguza kilo nyingi na kuvaa nywele za bandia ili arudi ujanani, na Ali, aliye ujanani kweli, anaigiza kazi ambayo angepaswa kuwa anaifanya. Inasemwa wawili hao walielewana vizuri sana katika siku zile, na hilo naliamini.

Wapo waliokataa wenyewe. Teófilo Stevenson wa Cuba, mshindi wa dhahabu tatu za Olimpiki, 1972, 1976 na 1980, aliahidiwa fedha nyingi aingie ngumi za kulipwa na kupigana na Ali, akabaki na ngumi za ridhaa nchini kwake. Pambano lao limebaki la kubuni kwa uamuzi wa mwenyewe, nami namheshimu kwa hilo.

Hata pambano halisi huweza kuikana hesabu, kama Ali alipopigana Kinshasa, Oktoba 30, 1974, saa kumi alfajiri. Mpinzani wake, bingwa George Foreman, alikuwa na mapambano 40, yote ameshinda. Joe Frazier na Ken Norton, waliokuwa wamempiga Ali, wote wawili hawakumaliza raundi ya pili mbele ya Foreman. Kwa namba, Ali hakuwa na njia. Akaegemea kamba, akafunika uso, akamwacha Foreman apige mpaka mikono imwishie nguvu, huku kona yake mwenyewe ikimpigia kelele atoke hapo. Raundi ya nane Foreman alikuwa chini. Ali huyo hakuwamo katika majibu ya wajuzi wa mwaka 1967, kwa sababu alikuwa hajawa. Kupokonywa miguu kulimlazimisha kujua kwamba anaweza kustahimili kipigo, na ustahimilivu ambao sisi watabiri huuandika kama alama ya ubora aliulipia kwa mwili. Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson.

Utabiri wangu basi. Namchukua Ali wa mwaka 1967, mwenye kilo zipatazo 96 na mikono mirefu, dhidi ya Marciano wa kilo 85 na mikono mifupi, ambaye ngozi yake ilichanika hata Ezzard Charles akampasua pua mwaka 1954. Nasema Ali, mwamuzi akisimamisha kwa majeraha, raundi ya 10 au ya 11. Anayemshika Marciano atanikumbusha Philadelphia, Septemba 1952: aliangushwa raundi ya kwanza na Jersey Joe Walcott, akawa nyuma kwenye kadi zote tatu za alama, kisha raundi ya 13 akaachia konde moja la mkono wa kulia na Walcott hakuinuka. Konde hilo sina la kulijibu.