MASHINE HAINA ISNADI



Kijana mmoja wa darasa letu hapa Nyamasaria alituletea Hadithi nzuri juu ya kutafuta elimu, akasema imo katika Sahihi ya Bukhari, na nambari yake akaitaja. Tukafungua kitabu. Chini ya nambari ile palikuwa na Hadithi nyengine kabisa. Ile yake hatukuiona pahala popote. Alipoulizwa, alijibu kuwa ameipata kwa ChatGPT, ile akili bandia iliyotolewa Novemba 2022.

Hakukusudia uongo kijana yule, wala mashine haikukusudia, kwani haina kusudio. Kazi yake ni kukisia neno lifuatalo kwa kadiri ya maandishi iliyolishwa. Penye pengo hutunga, tena kwa ufasaha. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuihakikishe habari ya fasiki. Seuze ya kitu kisicho na dini?

Wako watakaosema: basi ni haramu. La! Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wasiikimbie elimu ya zama zao. Jifunzeni chombo hiki, enyi wanafunzi. Kikufahamisheni hesabu, kikusahihishieni Kiingereza. Lakini kumpa mwalimu insha ya mashine kwa jina lako ni ghushi, na cheti cha ghushi ndicho utakachoombea kazi, na mshahara wake ndio utakaolisha wanao.

Kijana wetu sasa ndiye mwenye kukifungua kitabu kila Ijumaa, kabla hatujasoma.