Tamaa ya Kino: Swali la Haki katika Usomaji wa Kitabu Teule Nchi ya Chai

Miongoni mwa maswali ambayo uhakiki wa fasihi umewaachia walimu wa shule za sekondari, lipo moja linalostahili kurejeshwa kwa wahakiki wenyewe: je, ni haki kumfundisha kijana amhukumu mhusika kwa kosa ambalo, likipimwa kwa mizani ileile, ni kosa la wazazi wake? Swali hili hujitokeza waziwazi katika muhula wa tatu, wakati wa marudio, ambapo usomaji wa mwaka mzima wa fasihi ya Kiingereza hufupishwa kuwa orodha ya maudhui.

Mfano mwafaka ni The Pearl ya John Steinbeck, riwaya fupi iliyotoka kama kitabu mwaka 1947, na ambayo hadi mwaka 2022 ilikuwa mojawapo ya vitabu vya hiari katika mtihani wa KCSE. Ni rahisi mno kuifupisha kwa neno moja, yaani tamaa, na muundo wa mtihani husaidia kufanya hivyo. Swali la karatasi ya tatu aghalabu humpa mtahiniwa kauli iliyokwisha kukamilika, kisha humtaka aithibitishe kwa hoja kutoka kitabuni, kwa alama 20. Hukumu hutangulia, ushahidi ukafuata.

Kino ametamani nini hasa? Akiwa ameishika lulu anataja ndoa ya kanisani, nguo mpya, chusa, bunduki, na hatimaye kwamba mwanawe Coyotito asome shule, ajue yaliyomo vitabuni, ili kwa kujua kwake wote wawe huru. Hapa ndipo msomaji wa Konoin au Belgut hana budi kusita. Mkulima mdogo wa huko huchuma majani mabichi, huyapeleka kituoni yakapimwa kwa kilo, hupokea malipo ya mwezi, kisha husubiri bonasi ambayo kiwango chake hujulikana chai ikiwa imekwisha kuuzwa, sehemu kubwa katika mnada wa Mombasa. Bonasi hutangazwa karibu na Oktoba. Insha za KCSE huandikwa Novemba. Karo ya mtahiniwa anayethibitisha kwamba Kino aliangamizwa na tamaa huenda imetokana na tamaa ya aina hiyohiyo.

Ulinganisho huu usivutwe kupita kiasi. Wanunuzi wa lulu mjini La Paz huigiza ushindani ilhali wote ni mawakala wa mtu mmoja. Mnada wa Mombasa una wanunuzi wengi, na mkulima wa kiwanda kinachosimamiwa na KTDA ni mwenye hisa, ingawa malalamiko kwamba bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa ni ndogo kuliko ya mashariki yamesikika mara nyingi. Mchumaji wa mashamba makubwa, yaliyoanzishwa tangu miaka ya 1920 katika ardhi ya Wakipsigis, yuko mbali na bei kuliko wote hao.

Lakini limo jambo ambalo marudio hulipita haraka. Wavuvi wa kijiji cha Kino waliwahi kukusanya lulu zao na kumtuma mtu mmoja aziuze mji mkuu kwa bei ya haki, akatoweka. Wakamtuma wa pili, naye akatoweka. Padri huhubiri kila mwaka kwamba hasara hiyo ilikuwa adhabu kwa watu waliotaka kuihama nafasi waliyowekwa na Mungu. Hoja ya tamaa, basi, imo tayari ndani ya kitabu, kinywani mwa mhusika ambaye mtunzi anamtazama kwa shaka kubwa. Mtahiniwa anayeirudia hunakili mahubiri ya padri akidhani anamhakiki Steinbeck. Na wakulima wadogo wa chai, ambao tangu mwaka 1964 zao lao limeuzwa kwa niaba yao na chombo kimoja, wanajua zaidi ya wahakiki wengi maana ya kumtuma mtu sokoni.

Upande wa pili nao una yake. Juana anaiita lulu uovu mapema; Kino anampiga anapotaka kuitupa; mtoto aliyetakiwa shule hufa kwa risasi. Aidha, mwalimu hana nafasi aliyo nayo mhakiki. Akimwacha mwanafunzi aipinge kauli ya swali, huenda akamkosesha chuo kikuu. Udhuru huu ni mzito, ila hautoshi, kwa kuwa mtihani ni wa saa chache na mwaka ni mrefu.

Kiswahili, ambacho wanafunzi haohao husoma, kingewafaa hapa. Tamaa inayoleta mauti katika methali ndiyo ileile ambayo mtu akiikata huhurumiwa na kutiwa moyo. Darasa lingeweza kuanza muhula wa kwanza kwa kuulizwa ni kipi katika orodha ya Kino ambacho mvuvi maskini hakupaswa kukitaka: ndoa, nguo, chusa, bunduki au shule. Wangetofautiana sana kuhusu bunduki, na ubishi huo ungekuwa na manufaa. Kuhusu shule, ni vigumu kuona ni nani kati yao angeinua mkono.