Chipukizi kwa Mlinzi: Thamani ya Kisichoonekana katika Besiboli

Mabadilishano ya wachezaji katika besiboli ya Marekani hayafanani na usajili wa soka. Katika soka klabu humnunua mchezaji kwa fedha. Katika besiboli, mara nyingi, mchezaji hulipiwa kwa wachezaji wenzake. Klabu inayotaka ubingwa mwaka huu humchukua mtu aliyekwisha kukomaa, na klabu inayojijenga upya hupokea chipukizi, yaani vijana wa ligi za chini ambao hawajacheza ligi kuu, au wameigusa tu. Mabishano ya mashabiki huwa makali zaidi pale huyo aliyekomaa anapokuwa shotstopu anayesifika kwa kuzuia kuliko kwa kupiga. Shotstopu husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, mipira mingi ya chini hukimbilia upande wake, naye hupaswa kuudaka mpira na kuutupa hadi kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika. Juu juu mabishano hayo ni ya klabu na msimu. Chini yake mna swali la kifalsafa: kitu ambacho bado hakijawa kina thamani gani, kikiwekwa kwenye mizani moja na mtu ambaye kazi yake ni kufanya jambo lisitokee?

Mfano ulio wazi ni wa Novemba 2015. Atlanta Braves waliwapa Los Angeles Angels shotstopu Andrelton Simmons, mzaliwa wa Curaçao aliyekuwa na umri wa miaka 26. Kwa upande wao, Angels walitoa warushaji wawili chipukizi, Sean Newcomb na Chris Ellis, wakaongeza shotstopu mzoefu Erick Aybar pamoja na fedha. Simmons alikuwa amekwisha kutwaa Gold Glove, tuzo ya walinzi bora, mwaka 2013 na 2014, na mkataba wake wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 58 ulikuwa unaendelea hadi 2020. Newcomb alikuwa wa 15 kuchaguliwa katika uteuzi wa vijana wa mwaka 2014, na alihesabiwa kuwa miongoni mwa hazina kubwa za Angels. Kila upande ulikuwa na sababu zake. Braves walikuwa wametoka kupoteza michezo 95. Angels, waliokuwa na nyota wao Mike Trout katika ubora wake, walikuwa wamekosa hatua ya mtoano kwa mchezo mmoja tu.

Shabiki anayetetea kumchukua mlinzi kwa kawaida hujiona yuko upande wa uhakika: huyu anajulikana, wale ni ndoto. Dai hilo lina nguvu kidogo kuliko linavyosikika, kwa sababu kazi ya mlinzi nayo haionekani kirahisi. Pigo linalovuka ukuta wa uwanja huhesabiwa na kila mtu. Pointi ambayo haikupatikana kwa sababu mtu aliuwahi mpira haiandikwi popote kwenye ubao wa matokeo. Kwa miongo mingi mlinzi alipimwa kwa makosa yake, na kipimo hicho kilikuwa na dosari kubwa ya kimantiki: asiyeufikia mpira hahesabiwi kosa. Shotstopu mzito wa miguu, anayeutazama mpira ukipita hatua mbili kutoka alipo, hubaki na rekodi safi, na mwepesi anayeukimbilia mpira ambao wengine wasingeugusa, ukamponyoka, huandikiwa kosa. Aliyejaribu zaidi alionekana mbovu zaidi. Hesabu iliyotazama yaliyotokea tu iliwadhulumu watu ambao ubora wao wote ulikuwa katika yale yasiyotokea.

Vipimo vya karne ya 21 vilijaribu kurekebisha dhuluma hiyo. Kila mpira uliopigwa huangaliwa kasi yake na mahali ulipoelekea, kisha huulizwa: mlinzi wa wastani angeupata mara ngapi? Tofauti kati yake na huyu anayepimwa hugeuzwa kuwa pointi zilizookolewa. Kwa hesabu hiyo Simmons aliokoa pointi 41 katika msimu wa 2013, kiasi ambacho hakuna mlinzi aliyekuwa amekifikia tangu kipimo hicho kianze kutumika kwa misimu ya kuanzia 2003. Lakini izingatiwe kinacholinganishwa hapo. Upande mmoja ni mtu halisi, upande wa pili ni mlinzi wa wastani, ambaye hayupo, na zao la ulinganisho huo ni pointi ambazo hazikuwahi kuwa. Kipimo hiki ni bora kuliko kile cha zamani, na hakina hila yoyote. Hata hivyo anayekitumia anakubali, kwa kujua au kutojua, kwamba yasiyokuwepo yanaweza kuwa na uzito wa kweli. Akishakubali hivyo kwa mlinzi, hawezi kumkatalia chipukizi kwa hoja kwamba thamani yake bado haionekani.

Kuhusu chipukizi, kuna hoja kongwe za Aristotle. Katika kitabu cha tisa cha Metaphysics anawajibu wanafalsafa wa Megara, waliodai kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapoutumia. Kwao, mjenzi aliyeketi kupumzika si mjenzi. Aristotle alionyesha kwamba dai hilo linafuta tofauti kati ya mtu aliyejifunza kazi na asiyeijua kabisa, na kwamba linafanya kujifunza kwenyewe kusieleweke. Shabiki anayesema kijana wa miaka 22 ni bure mpaka acheze ligi kuu anarudia kosa la Megara. Mrushaji mrefu anayetumia mkono wa kushoto na mwenye kasi ana kitu tayari. Uwezo ni hali iliyopo ndani yake leo.

Ila Aristotle huyo huyo ana maneno mawili mazito kwa wale wanaowapenda chipukizi kupita kiasi. Kwanza, utimilifu hutangulia uwezo kimaana, kwa sababu uwezo hueleweka kwa kile unachoelekea. Pili, uwezo ni wa pande mbili: kinachoweza kuwa na afya kinaweza pia kuugua. Kijana anayeweza kuwa mrushaji wa kwanza wa timu anaweza, kwa uwezo huo huo, kuumia bega au kushindwa kuuelekeza mpira. Orodha za chipukizi huandika upande mmoja wa uwezo kana kwamba ndio wote, na hapo ndipo mashabiki wa klabu inayojijenga hudanganyika.

Sheria ya Kiislamu iliwahi kukabili swali la aina hii sokoni. Kuna hadithi mashuhuri inayokataza kuuza matunda mtini kabla ya kuanza kuiva, na mapokezi yake yanaeleza sababu: watu waliuziana mapema, kisha wakati wa mavuno wakagombana kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeyaharibu. Mafakihi waliita hali hiyo gharari, yaani biashara ambayo kitu chake au mwisho wake umefichika. Lakini hawakuzuia kila malipo ya kitu cha baadaye. Biashara ya salamu, ambayo fedha hulipwa leo kwa mazao ya kesho, iliruhusiwa kwa sharti kwamba aina, kipimo na tarehe vijulikane. Kwa mtazamo huo ubaya hauko katika wakati ujao wenyewe. Uko katika kuuza kisichoweza kuelezwa. Chipukizi ana sifa zinazoelezeka, kama umri, kasi na rekodi ya ligi za chini, ila tarehe na kipimo cha mavuno yake havijulikani. Kwa hiyo mabishano juu yake hayawezi kumalizwa na hesabu yoyote, na anayedai amekwisha kuyamaliza anadai zaidi ya anachokijua.

Kwa mabadilishano ya 2015, wakati ulipofika ulitoa majibu yasiyonyooka. Simmons alitwaa Gold Glove tena mwaka 2017 na 2018, akiwa na Angels. Lakini katika misimu mitano aliyokaa nao, 2016 hadi 2020, Angels hawakumaliza hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Newcomb aliingia ligi kuu mwaka 2017, na Julai 2018 alibakiwa na mpigaji mmoja tu wa kumtoa ili amalize mchezo mzima dhidi ya klabu ya Dodgers bila kuruhusu pigo halali. Pigo likapatikana hapo hapo. Baadaye alihamishiwa kwenye kundi la warushaji wa akiba. Ellis hakuwahi kuichezea Braves katika ligi kuu. Braves walitwaa ubingwa mwaka 2021, shotstopu wao akiwa Dansby Swanson, waliyempata kwa mabadilishano mengine Desemba 2015.

Nani basi alikuwa sahihi? Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walitoa makala zilizolifanya suala la bahati katika maadili kuwa mada rasmi ya falsafa: watu hulaumiwa na kusifiwa kwa matokeo ambayo kwa sehemu kubwa hawakuyatawala. Mabadilishano ya 2015 yanaonyesha kwa nini uamuzi unapaswa kupimwa kwa yale yaliyoweza kujulikana siku ulipofanywa. Angels walimpata mlinzi yule yule waliyemlipia. Kushindwa kwao kulitokana na udhaifu wa sehemu nyingine za timu, na kumdai Simmons ubingwa ni kumdai mtu mmoja kazi ya kikosi kizima. Vivyo hivyo ubingwa wa Braves hauthibitishi kwamba walikuwa sahihi kumwachia. Shabiki wa Atlanta aliyehuzunika mwaka 2015 alikuwa na haki ya kuhuzunika, na ushindi wa miaka sita baadaye haukuigeuza huzuni hiyo kuwa ujinga.

Limebaki swali zito kuliko yote, nalo husahaulika kwa urahisi katika joto la ubishi. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, alitofautisha chenye bei, ambacho kinaweza kubadilishwa na kingine kinacholingana nacho, na chenye hadhi, ambacho hakina cha kukilinganisha. Binadamu yuko upande wa pili. Utetezi wa kawaida ni kwamba klabu hubadilishana mikataba, si watu. Lakini mwaka 1969 Curt Flood, mlinzi wa St. Louis Cardinals mwenye Gold Glove saba, alikataa kuhamishiwa Philadelphia. Alimwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba baada ya miaka 12 katika ligi kuu hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Alifungua kesi, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia kwa majaji watano dhidi ya watatu. Flood alishindwa, ila hoja yake haikufa. Kuanzia 1973 mchezaji mwenye miaka 10 katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja, aliruhusiwa kukataa kuhamishwa, na mwisho wa 1975 msuluhishi Peter Seitz alivunja kifungu kilichomfunga mchezaji kwa klabu moja bila kikomo.

Haki hiyo ya kukataa imewekwa mbali kabisa na chipukizi. Kijana huteuliwa na klabu ambayo hakuichagua, na akishafika ligi kuu huwa chini yake kwa takriban miaka sita ya utumishi kabla ya kuwa huru kujadiliana na wengine. Miaka hiyo ya mshahara mdogo ndiyo inayomfanya awe na thamani kubwa sokoni. Anayependekeza vijana wawili watolewe kwa shotstopu anapendekeza pia wahame mji na makocha bila kuulizwa. Mwaka 2022 wachezaji wa ligi za chini waliingia katika chama cha wachezaji wa ligi kuu, na mwaka 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja, uliopandisha mishahara na kuboresha makazi. Klabu bado inaweza kumhamisha yeyote kati yao bila ridhaa yake.