Kuvuta Upinde kwa Adabu

Ndugu Waislamu, Uqba bin Amir amepokea ya kuwa Mtume (s.a.w.), akiwa juu ya mimbari, alizifasiri nguvu tulizoamrishwa kuziandaa katika Suratul Anfal kuwa ni kutupa mishale, akalikariri hilo mara tatu. Basi nguvu hizo hupatikanaje?

Watazameni Waturuki wa zamani. Upinde wao, uliounganishwa kwa mti, pembe, kano na gundi, ncha zake zikapindwa kwenda mbele, ulikuwa mgumu mno. Lakini mwanafunzi hakuanza na huo. Alipewa upinde mwepesi uitwao kepaze, akauvuta na kuurejesha polepole pasi na mshale, mara nyingi, siku baada ya siku. Kisha akaongezewa ugumu kidogo kidogo.

Na kuvuta kuna adabu yake: miguu ithibiti, bega la mkono ushikao upinde lisipande kuelekea sikioni, na nguvu itoke mgongoni, makombe mawili ya mabega yakikaribiana. Avutaye kwa mkono peke yake hutetemeka; na ang'ang'aniaye upinde uliomshinda huweza kuumia bega, asiuweze tena hata ule mwepesi.

Vijana wetu hupenda waonekane mashujaa siku ya kwanza. Hiyo ni riya, wala si nguvu. Amali ipendezayo mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Atakaye nguvu na aanze na upinde anaoumudu leo, na kesho aurudie.

Wabillahi tawfiq.