Nani Alilipia Tiketi Yangu?

Mtu akirusha kwenye grupu la WhatsApp picha ya tiketi ya ndege ya bei ya kutupa, Nairobi hadi Asia kwa pesa ambayo mtu wa Kilimani analipia kodi ya mwezi mmoja, maswali huwa mawili. La kwanza: linki iko wapi? La pili: kwani hawa watu wanapata faida wapi? La kwanza hujibiwa kwa sekunde tatu. La pili hubaki hapo na tiki zake mbili za buluu, hakuna anayeligusa.

Mimi nataka kuligusa, kwa sababu naona ni swali la maadili kabla halijawa la hesabu. Kama nimenunua kiti kwa bei isiyotosha kukipeleka angani saa kumi, basi kuna mtu amejazia. Ni nani? Na je, ana deni kwangu la kudai?

Wazo lenyewe ni zuri, tuanze hapo. Tarehe 26 Septemba 1977, Mwingereza Freddie Laker alizindua Skytrain, ndege ya kutoka Gatwick, London, hadi New York. Nauli ya kwenda ilikuwa pauni 59. Hakukuwa na kuweka nafasi miezi kabla. Ulifika, ukapiga foleni, ukanunua tiketi ya siku hiyo. Chakula kilikuwa juu yako, ununue ndani au ubebe chako. Kampuni ilianguka Februari 1982, lakini wazo halikufa nayo. WOW ya Iceland ililijaribu ikafunga Machi 2019. Norwegian ililijaribu, na Januari 2021 ikatangaza kuachana na safari ndefu. AirAsia X ya Malaysia ikaanza kuja Nairobi Novemba 2024. Mmoja akizikwa, mwingine anazaliwa.

Sababu ya mazishi hayo si siri. Safari fupi ni kama matatu ya Rongai: faida iko kwenye mizunguko. Ndege ya Nairobi hadi Mombasa inaweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, inashusha, inapakia, inaondoka. Ndege ya saa kumi haina mizunguko. Ikienda imeenda. Na mafuta inayochoma hayajui kama kampuni ni ya watu wa kujinyima au ya mabwanyenye. Kwa hivyo kiti kikiuzwa kwa faida ya karanga, pesa lazima itoke kwingine: begi, maji, chakula, blanketi, dirisha, hata kuchapishiwa pasi ya kuabiri.

Nimekaa na orodha hiyo nikaona kwamba hizi si bei za aina moja. Ziko tatu, na kuzichanganya ndiko kunakotufanya tubishane bila kufika popote.

Ya kwanza ni bei ya hiari. Nataka dirisha, nalipia dirisha. Nataka kukaa mbele nishuke haraka, nalipia. Hapa sina neno. Tena kuna haki ndani yake, kwa sababu kwenye mtindo wa zamani mwenye begi moja la mgongoni alikuwa anamlipia mwenye masanduku mawili, na asiyekunywa alikuwa analipia mvinyo wa jirani.

Ya pili ni bei ya hitaji, na mfano wake ni maji. Hewa ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake kwa kawaida uko chini ya asilimia 20, na shinikizo lake linaweza kuwa kama la mtu aliyepanda mlima hadi karibu mita 2,400, juu kuliko Nairobi. Koo linakauka hata kama umekaa tu. Wakati huohuo, tangu 2006, Uingereza ilipogundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, viwanja vingi duniani vimekataza kupita na chupa ya zaidi ya mililita 100. Kwa hivyo chini unanyang'anywa maji na juu unauziwa maji. Kwa dakika 45 za kwenda Mombasa huo ni utani. Kwa saa kumi si utani tena. Kuna njia, lakini: beba chupa tupu, pita nayo kwenye ukaguzi, ijaze upande wa pili kama kuna bomba. Ni bure, ukijua.

Ukijua. Hapo ndipo inapoingia bei ya tatu, bei ya kutojua.

Mwaka jana nilisafiri hivyo, Nairobi hadi Bangkok kupitia Ghuba, kumtembelea rafiki anayefundisha Kiingereza huko. Kipande cha kwanza cha safari kama hii hujaa watu wasioenda kutembea. Wanaenda kufanya kazi katika nyumba za watu, na wengi wao ndiyo mara yao ya kwanza kuona ndege kwa ndani. Mbele yangu kwenye foleni ya mizigo alikuwa mmoja wao, mwanamke aliyenizidi kama miaka kumi. Mizani ilisema kilo 28. Tiketi yake ilisema 20. Aliyekuwa kaunta akamwambia, bila ukali wowote, kila kilo ya ziada ni shilingi 1,500.

Akanigeukia, akanipa simu yake. "Kaka, hebu nisomee hapa. Ajenti si aliniambia iko sawa?"

Mimi chuo sikumaliza, niliacha mwaka wa tatu. Lakini miaka minne ya kuwaandikia watu maneno ya tovuti zao imenifundisha masharti huwekwa wapi na kwa nini huwekwa hapo. Niliyapata. Kwa Kiingereza, ukurasa wa tatu wa waraka ambao ajenti alimtumia usiku uliotangulia, chini ya safu za kodi na herufi za siri. Kilo 20, imeandikwa. Hakuna aliyemdanganya. Na nilijua pia jambo ambalo waraka ule haukusema kwa sauti: kwamba kwa tiketi kama ile, kuongeza kilo 10 kwa simu siku chache kabla kungemgharimu 4,000.

Mimi nilikuwa nimelipia kilo 20, na begi langu lilikuwa na tisa. Kilo zangu 11 zilikuwa zinasafiri tupu. Kwenye basi la Kisumu ningesema leta hapa, tupakate pamoja. Uwanja wa ndege hauna kupakata. Kilo za tiketi moja hazihamii tiketi nyingine, na usibebe mzigo wa mtu usiyemjua, onyo ambalo ni la kweli kabisa. Kuna watu wamezeeka jela kwa sababu ya begi la mwingine. Kwa hivyo alifungua begi pale sakafuni, akatoa pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, akaziacha kando ya pipa la taka. Kilo nne zilizobaki alizilipia 6,000, noti alizokuwa amezikunja ndani ya leso.

Tukapanda. Viti ni vilevile, magoti yanagusa vilevile. Ila mimi nilikuwa nimepakiwa kwa bei ya mjanja, na yeye kwa bei ya mgeni.

Wahenga walilisema jambo hili kwa ufupi: wajinga ndio waliwao. Mjinga kwenye methali hiyo si mtu mpumbavu, ni mtu ambaye hajajua bado. Wanauchumi walilisema kwa urefu. Mwaka 2006 Xavier Gabaix na David Laibson walichapisha utafiti kuhusu bidhaa ambazo bei yake ya mbele ni ndogo na gharama yake halisi imefichwa nyuma, kama printa rahisi yenye wino wa ghali. Walionyesha kwamba katika soko la namna hii, anayejua ananufaika kwa sababu asiyejua yupo. Yule anayenasa ndiye anayemlipia yule anayeruka mtego. Na walionyesha kitu kingine kinachouma zaidi: kampuni pinzani haina sababu ya kumzindua aliyenaswa. Ikimfundisha, haimpati kama mteja wa faida. Inapata mjanja mmoja zaidi, na mjanja hana faida kwa mtu. Kwa hivyo ushindani, ile dawa tunayoambiwa inatibu kila kitu, hapa unanyamaza.

Ndiyo maana wahenga walikuwa na methali ya pili: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Nilikuwa nikiisikia kama onyo kwa matapeli. Siku hizi naisikia ikinisema mimi. Abiria wote wa ndege ile wangekuwa wanajua ninachojua, nauli yangu ingepanda. Maana yake nina maslahi katika kutojua kwa yule dada. Sikuyaomba, sikumfanyia ubaya wowote, lakini ninayo, na yako kwenye risiti yangu.

Najua mtasema nini. Wa kwanza atasema: bila ndege hizi huyo mwanamke hasafiri kabisa, anabaki kijijini na unga wake. Inawezekana, na ndiyo sababu sitaki ndege hizi zife. Lakini tusikilize hoja hiyo vizuri. Inatetea nauli ya chini. Haitetei namna nauli hiyo inavyojaziwa. Ukinisaidia kupanda ngazi, hujapata haki ya kunipekua mifuko nikiwa katikati.

Wa pili atasema: si angeuliza? Kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini ili uulize lazima ujue kwamba kuna kitu cha kuuliza. Mtu anayetua Nairobi mara ya kwanza hajui kwamba mvua ikinyesha nauli ya matatu inapanda. Hawezi kuuliza nauli ya mvua. Dada yule aliuliza, tena. Alimuuliza ajenti, mtu pekee aliyemjua kwenye msururu mzima, na akajibiwa iko sawa.

Kipimo ninachokitumia nimekiazima kwa Immanuel Kant, ambaye mwaka 1795 aliandika kwamba jambo linalogusa haki za wengine, kama haliwezi kutangazwa hadharani bila kuvurugika, basi si la haki. Alikuwa anazungumzia serikali na vita, lakini kipimo kinatosha kwenye kaunta ya mizigo. Chukua bei ya dirisha uitangaze kwenye redio ya kila lugha: haivurugiki, watakaotaka dirisha watalipa. Sasa tangaza bei ya kutojua. Mwambie kila msafiri, kwa lugha yake, wiki moja kabla: pima begi nyumbani, ongeza kilo leo kwa simu, kesho kaunta ni mara kadhaa zaidi. Bei ile inakosa walaji. Bei inayokufa ikitangazwa ilikuwa inaishi kwa kuviziwa.

Sheria inaweza kufanya kitu. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2008 kuhusu huduma za ndege, ulilazimisha nauli ionyeshwe ikiwa kamili, pamoja na kodi na ada zote zisizoepukika, na nyongeza za hiari ziwe ni abiria mwenyewe aliyezichagua, si kisanduku kilichotiwa tiki kabla hajafika. Haikumaliza mitego, lakini ilionyesha kwamba "ndivyo soko lilivyo" si amri ya Mungu.

Na sisi wajanja? Sidhani tunatakiwa kuacha kununua tiketi hizi. Pesa yetu ni ndogo, na anayeninyima dunia kwa jina la usafi wa moyo kwa kawaida ana nauli ya kutosha. Sidhani pia kwamba ningemlipia yule dada 6,000 deni lingeisha. Nyuma yake kwenye foleni kulikuwa na wengine wenye mabegi yaliyofungwa kwa kamba. Deni hili lina sarafu yake. Nilichonufaika nacho ni kujua, basi nalipa kwa kujulisha, tena mapema, kabla mtu hajafika mahali ambapo maarifa yamekuwa ghali.

Hiyo ni kazi ndogo, haina sifa. Binamu akipata kazi Doha, usimwambie hongera tu. Mwambie akutumie ule waraka, usome hadi ukurasa wa tatu, umwandikie kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao kilo zake ni ngapi. Mpeleke duka la nafaka wapime begi kwenye mizani ya mahindi, pale ambapo kilo moja bado ni kilo moja. Mwambie abebe chupa tupu. Kwenye foleni ukimwona anayebabaika, mwongeleshe akiwa bado wa kumi, si akiwa amefika kaunta.

Tukifanya hivyo wengi wetu, huenda ile tiketi ya bei ya kutupa ikapotea. Nitaumia, sitasema uongo. Lakini nauli ikipanda kwa sababu sote tumejua, basi hiyo ndiyo iliyokuwa nauli tangu mwanzo.