Nyumba ya Watu Wote Ikifungwa

Mwezi huu twataka kulifikiri pamoja nanyi neno moja gumu. Nyumba wanamokusanyika watu wa kila namna ikitishwa kufungwa, yatupasa kuokoa nini? Wengi hujibu upesi, "Kuokoa nyumba." Jibu hilo si baya, maana nyumba ni jasho la watu. Lakini yako mambo yaliyotokea Marekani yatufundishayo kulitazama vizuri zaidi.

Mwaka 1932 Myles Horton na mwenziwe Don West walianzisha shule ya watu wazima karibu na Monteagle, katika milima ya Tennessee, ikaitwa Highlander Folk School. Mwaka uliotangulia Horton alikuwa amekwenda Denmark kuzitazama shule zilizotokana na mawazo ya Grundtvig, mchungaji wa Kilutheri. Hata kwetu Tanzania mawazo hayo yalifika, maana Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilifuata mfano wa shule za Skandinavia.

Katika shule ya Horton weusi na weupe walikula meza moja na kulala chini ya paa moja, ijapokuwa sheria ya Tennessee ya mwaka 1901 ilikataza wasifundishwe pamoja. Rosa Parks alikaa huko mwaka 1955. Miezi michache baadaye akakataa kuondoka kitini pake katika basi mjini Montgomery.

Basi wenye kuichukia shule hiyo walikuwa wengi. Julai 1959 askari waliingia usiku, na mashtaka yakafuata. Mwaka 1960 hakimu aliifutia shule hati yake, na mwaka 1961 mahakama kuu ya jimbo ikaithibitisha hukumu kwa sababu mbili: bia iliuzwa bila ruhusa, na Horton alipewa nyumba na ardhi ya shule. Neno la weusi na weupe mahakama hiyo haikulitegemea. Lakini mwenye macho aliona ndilo lililouwasha moto. Mali yote ikauzwa kwa mnada.

Hapo twauliza: Je, Horton hangalifanya vema kuigawa meza mapema, ili shule ipone? Mwenye kusema hivyo si mpumbavu. Shule iliyofungwa haimfundishi mtu ye yote, na wazee walisema, nusu shari kuliko shari kamili. Neno hili twalipima, nasi twaliona limepungua. Ukimfukuza mmoja ili nyumba ibaki, kuta zimebaki, bali nyumba ya watu wote imekwisha kufa. Tena anayefukuzwa ndiye aliyeihitaji kuliko wote. Yeye alipa gharama ya kupona kwetu, wala hakuulizwa. Hatusemi kwamba kila kupunguza ni dhambi. Kupunguza siku za mkutano, au kuhamia chumba kidogo, ni hasara wanayoichukua wote pamoja, nayo yaweza kuwa busara. Lakini hasara anayotwikwa mmoja, ili wengine wakae raha, ni dhuluma.

Neno la pili ni lile la bia na ardhi. Chupa zilikuwa za wageni waliojichukulia wenyewe na kuweka fedha, naye Horton alikuwa ametumika miaka mingi pasipo mshahara. Tungependa kusema, "Hayo ni madogo." Naam, ni madogo, lakini mlango ulifungwa kwa hayo. Nyumba inayochukiwa kwa ajili ya wema wake haina budi kuzitunza daftari zake kuliko nyumba nyingine. Ninyi walimu na wazee wa sharika, hati ya kiwanja iliyo safi na hesabu ya fedha iliyoandikwa siku ile ile ni sehemu ya kuwapenda wenzetu. Kwa maana uzembe wetu huwapa kamba wale wanaotafuta kutufunga.

Neno la tatu ndilo kubwa. Kabla nyumba haijauzwa, kazi yake ilikuwa imekwisha kutoka nje. Mwaka 1957 darasa la watu wazima lilianzishwa katika kisiwa cha Johns Island, South Carolina, nyuma ya duka la ushirika. Mwalimu wake, Bernice Robinson, alikuwa mtengeneza nywele. Akawafundisha kusoma na kuandika, wapate kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1961 kazi hiyo ilikabidhiwa chama cha Martin Luther King, ikaenea mbali. Highlander yenyewe ikapata hati mpya, ikahamia Knoxville, na baadaye New Market, iliko hata leo. Mwaka 2019 moto uliiteketeza ofisi yake kuu. Hata hivyo kazi haikukoma.

Basi, ndugu, na tuitetee nyumba yetu kwa bidii, mbele ya wenye amri na kwa fedha zetu wenyewe. Lakini tujiulize maneno mawili kabla ya siku ya hatari. Ni nani katika kijiji chetu asiyethubutu kuingia humo hata sasa? Na kama mlango ukifungwa kesho asubuhi, ni kazi gani itakayoonekana jioni ikiendelea chini ya mwembe?